Mtoto akinyamaza baada ya kupasuliwa kifua

"Daktari, huyu amejikaza kweli. Usiku kucha hajalia." Mama yule wa Ukerewe aliniambia hivyo kwa fahari, siku ya pili baada ya mwanawe wa miaka 3 kupasuliwa kifua kutolewa usaha. Nikamtazama mtoto. Kalala kama gogo, macho darini, anapumua juujuu kama kifaranga. Nilipomwomba akohoe kidogo alifumba mdomo, akatikisa kichwa.

Mimi ni daktari wa usingizi hapa Mwanza. Wengi hudhani kazi yangu huisha mgonjwa anapozinduka, lakini kwa kifua ndiyo kwanza inaanza. Mguu uliovunjika unaweza kuufunga ukatulia. Kifua utakituliza vipi? Mtoto wa umri huo hupumua mara 20 hadi 30 kwa dakika, na kila pumzi inasogeza mbavu zilizotanuliwa, mishipa ya fahamu inayopita chini yake, na mrija wa kutolea usaha uliopenyezwa katikati. Basi anajibana. Makohozi yanabaki ndani, sehemu ya chini ya pafu inasinyaa, nimonia inaingia.

Kwa asiyeweza kujieleza tunatazama uso, miguu, jinsi anavyojinyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja alama 0 hadi 2. Kipimo kizuri, ila aliyeganda kwa maumivu anaweza kupata alama ndogo. Ndiyo maana mimi huongeza changu: akohoe.

Ganzi ya mbavuni anayochomwa akiwa bado mezani humsitiri saa chache tu. Baada ya hapo ni parasetamo, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, alie asilie. Ibuprofeni huongezwa figo zikiwa salama na damu haivuji. Mofini, dawa kali ya maumivu, ndiyo inayowatisha wazazi: "Si atazoea?" Kwa siku chache za wodini, chini ya uangalizi, hilo halininyimi usingizi. Ninachohofia ni pumzi kupungua kasi, ndiyo maana kipimo cha oksijeni hakitoki kidoleni na naloksoni, dawa ya kuizima mofini, haikai mbali. Kodeini, dawa nyingine ya maumivu, simpi kabisa mtoto mdogo: miili huigeuza kuwa mofini kwa viwango tofauti mno, mmoja hapati nafuu, mwingine anazidiwa.

Hili la kuamini ukimya si letu peke yetu. Hata Uingereza vichanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kiduchu za maumivu, hadi mwaka 1987 daktari Anand na wenzake walipoonyesha kwamba njiti waliofungwa mshipa karibu na moyo, wakapewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata matatizo machache kuliko wasiopewa.

Kijana wetu tulimwongezea mofini kidogo kidogo. Baada ya muda mama alimkalisha, akamkumbatisha khanga iliyokunjwa pale kwenye mshono, nikamwomba tena. Akakohoa, kisha akaangua kilio hadi wodi ya jirani wakachungulia. Mama akanigeukia kwa hofu. Mimi nilikuwa naandika kwenye faili: amekohoa.