Neno "dosari" katika taarifa ya ukaguzi lina maana gani?

Kila Aprili, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ikishawasilishwa bungeni hapa Dodoma, simu za ofisini kwetu hazipumziki. Mwananchi amesikia kwamba halmashauri yake ina "dosari za shilingi milioni 80", naye anauliza waliozila wamekamatwa lini. Mimi ni mkaguzi wa ndani wa halmashauri, na swali hilo limenifanya niandike.

Dosari ni doa, ni ila. Jirani yake ni kasoro, yaani upungufu; ndiyo maana saa tatu ikipungukiwa robo tunasema saa tatu kasorobo. Hitilafu asili yake ni kutofautiana, nasi tunaikuta pale daftari la fedha linaposema hivi na taarifa ya benki ikasema vile. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalomaanisha wizi. Dosari ya ukaguzi ni jambo lililofanyika tofauti na sheria, kanuni au mwongozo. Sababu yake inaweza kuwa uzembe, haraka, kutojua, au wizi kweli.

Chukua shule iliyoezekwa. Mabati yapo juu, watoto wanasoma chini yake, lakini hati ya malipo haina risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) wala hati ya kupokelea vifaa. Tutaandika hoja, yaani jambo ambalo mkaguzi anataka lijibiwe: malipo yasiyo na viambatisho, na kiasi chote kitatajwa. Sasa chukua mkusanya ushuru kwenye kizuizi cha mazao msimu wa alizeti. Mashine ya POS inaonyesha amekusanya, benki haionyeshi kitu. Hiyo nayo itaitwa dosari, na hapo huenda fedha haipo kabisa. Neno ni moja, mambo mawili tofauti. Soma sentensi inayofuata baada ya neno hilo.

Kwa hiyo kujumlisha tarakimu zote za taarifa na kuziita "fedha zilizoliwa" ni kosa. Tumelieleza mara nyingi na bado linarudiwa, hata na watu waliosoma. Kiasi kinachotajwa kwenye hoja ni kiasi kilichoguswa na kasoro. Si lazima kiwe kimepotea.

Utaratibu ni huu. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na hesabu zinapelekwa kwa CAG ifikapo Septemba 30. Wakaguzi wanapoibua hoja, menejimenti hujibu kwa maandishi na kuambatisha vielelezo. Majibu yakitosheleza, hoja hufungwa; yasipotosheleza, huingia kwenye taarifa, ambayo Rais hukabidhiwa ifikapo Machi 31. Baada ya hapo kila hoja hufuatiliwa na kuwekwa katika hali yake: imetekelezwa, inaendelea kutekelezwa, haijatekelezwa, au imepitwa na wakati. Madiwani hukaa baraza maalumu kuzijadili, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa (LAAC) inaweza kumwita mkurugenzi. Ukaguzi ukionyesha dalili za jinai, Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura 418, inamtaka CAG avijulishe vyombo vya uchunguzi pamoja na Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtumishi anaweza kupewa onyo, kushushwa cheo, kufukuzwa kazi au kudaiwa hasara aliyosababisha. Shauri likifikia kuwa uhujumu uchumi na mshtakiwa akatiwa hatiani, Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura 200, inaweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Anayehukumu ni mahakama. Mkaguzi hana pingu.

Wapo pia wanaodhani hati safi, ambayo kitaalamu ni hati inayoridhisha, maana yake hakuna dosari. Hapana. Hati hiyo, ambayo ni maoni ya CAG, inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Halmashauri inaweza kuipata ikiwa na hoja lukuki za manunuzi yaliyofanyika nje ya NeST, mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni, au masurufu (fedha za kazi anazotangulizwa mtumishi) yasiyorejeshwa.

Lakini wenzangu watumishi nao wasijifiche nyuma ya neno hili. Nimekaa kikaoni nikasikia mradi wa maji uliolipiwa kabla haujakamilika ukiitwa "dosari ndogondogo za kiutendaji". Kwa mama anayeamka alfajiri kufuata maji korongoni, hakuna udogo hapo. Jambo hilo linaniuma, na nililisema kikaoni. Lina jina lake kitaalamu: malipo ya kazi isiyofanyika. Liitwe hivyo.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Ukisikia hoja ya ukaguzi inayohusu kijiji chako, uliza mambo matatu: ni kanuni ipi iliyokiukwa, kitu kilicholipiwa kiko wapi, na hoja iko katika hali gani leo. Afisa mtendaji akikosa majibu, omba swali liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kwa sababu muhtasari nao tunaukagua.