Kwa nini grafiti inayowapeleka watu rumande inakatiwa tiketi Wynwood?

Wynwood, mtaa ulio kaskazini kidogo ya katikati ya jiji la Miami nchini Marekani, una makumbusho yasiyo na paa. Yanaitwa Wynwood Walls, yako barabara ya NW 26th Street, na wageni hukata tiketi ili wakatazame kuta za nje za maghala ya zamani. Rangi iliyotumika kwa sehemu kubwa ni ileile ya kopo la kupuliza ya grafiti, yaani michoro na maandishi ya kwenye kuta za mitaani, na baadhi ya waliozipaka kuta hizo walikuwa wakikimbizana na polisi ujanani. Nje ya lango, mtu akipuliza jina lake kwenye ukuta wa watu anaweza kulala rumande. Imekuwaje?

Wengi hujibu haraka kwamba dunia imeelimika na sasa inaitambua grafiti kuwa ni sanaa. Jibu hilo mimi halinishibishi. Ukiifuatilia historia ya Wynwood unakutana na mambo mawili ya kawaida kabisa: umbo la majengo, na jina lililoandikwa kwenye hati ya umiliki.

Tuanze na majengo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 Wynwood ulikuwa mtaa wa kazi, wenye viwanda vidogo, karakana, maghala na maduka ya jumla ya nguo. Pembeni yake waliishi familia nyingi za Wapuerto Rico waliohamia kuanzia miaka ya 1950, ndiyo sababu mtaa ukapewa jina la utani Little San Juan, na bustani yake ya umma ikaitwa kwa heshima ya Roberto Clemente, mchezaji besiboli kutoka Puerto Rico. Wakimbizi wa Kuba nao walipata riziki kwenye cherehani za hapo. Biashara ya nguo ilipodorora, maghala mengi yakabaki matupu.

Sasa, ghala la nguo halitaki dirisha. Jua linapausha kitambaa, mwizi anapenda dirisha kuliko mlango, na upande wa ndani wa ukuta unahitajika kwa rafu. Kwa hiyo yalijengwa majengo mafupi, marefu kwa ubavu, yenye kuta tupu za matofali ya saruji zilizopigwa plasta, moja baada ya nyingine. Kwa mpita njia mtaa wa namna hiyo unatisha, maana hakuna anayekuona kutoka ndani. Kwa mtu mwenye kopo la rangi, huo ndio mtaa wa ndoto. Kitu kilekile kilichoufanya Wynwood ukwepwe usiku ndicho kilichoufanya uitwe makumbusho baadaye.

Watu wa sanaa walitangulia kufika, ila kwa ndani. Mwaka 1993 familia ya Rubell iliweka mkusanyo wake wa kazi za sanaa katika ghala ambalo kikosi cha serikali cha kupambana na dawa za kulevya kilikuwa kikihifadhia mali zilizokamatwa. Mwaka 2002 maonyesho ya Art Basel, yenye asili yake Uswisi, yalianza kufanyika Miami Beach kila Desemba, na matajiri wanaonunua sanaa wakawa wanatua mjini kwa wakati mmoja. Mwaka 2007 mradi ulioitwa Primary Flight uliwaleta wasanii wa mitaani kupaka kuta za Wynwood wakati wa msimu huo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Wynwood ulikuwa jangwa mpaka tajiri fulani alipofika na kuona mwanga, mpunguzie nusu ya maneno.

Tajiri mwenyewe alikuwa Tony Goldman, mfanyabiashara wa majengo. Mbinu yake ilikuwa imeshazoeleka: ananunua majengo ya zamani kwenye mtaa uliochoka, analeta migahawa na watu wa sanaa, kisha anasubiri. Aliifanya SoHo, New York, akaifanya South Beach, Miami, na katikati ya miaka ya 2000 akaanza kununua Wynwood. Kwa maelezo yake mwenyewe, maghala yale yasiyo na madirisha yangekuwa turubai zake kubwa za kuchorea. Mwaka 2009, akisaidiana na Jeffrey Deitch, mtu mwenye jina katika biashara ya sanaa, aliwaalika wasanii kupaka kuta za kundi la maghala yanayozunguka uwanja wa ndani, na Desemba hiyo, Art Basel ikiwa mjini, milango ikafunguliwa. Mwaka uliofuata iliongezwa sehemu ya mageti ya chuma ya kukunja, nayo ikapakwa. Goldman alifariki mwaka 2012, na binti yake, Jessica Goldman Srebnick, akaendelea na kazi. Miaka ya mwanzo kuingia kulikuwa bure. Siku hizi kuna kiingilio.

Tazama waliopewa kuta. Futura na Lady Pink walijulikana kwa kupaka mabehewa ya treni za chini ya ardhi za New York, kazi iliyofanyika usiku, kwa kuruka uzio, na ambayo jiji lilitumia fedha nyingi kuifuta. Lady Pink, mzaliwa wa Ekuado, alikuwa mmoja wa wasichana wachache katika kundi hilo, na mwaka 2013, mwaka ambao Wynwood Walls iliwapa wanawake kuta, alikuwa miongoni mwao pamoja na Faith47 wa Afrika Kusini. Mikono ni ileile na kopo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mwenye ukuta ndiye aliyewapigia simu.

Tofauti hiyo si ya kwenye karatasi tu. Desemba 2014, wiki ileile ya Art Basel, kijana wa miaka 21 alikutwa na polisi akipaka ukuta wa Wynwood bila ruhusa. Alikimbia, akagongwa na gari la polisi, na baada ya siku chache akafariki. Mtaani wakati huo kulikuwa na wageni kutoka kila pembe ya dunia waliokuja kupiga picha grafiti.

Tuje kwenye swali ambalo kila mgeni huuliza akiwa amesimama mbele ya uso wa mtu wenye urefu wa ghorofa mbili: huyu msanii, akiwa amekaribiana na ukuta kiasi cha kuugusa, alijuaje pua iwe wapi?

Njia ya kale ni kugawa mchoro mdogo katika miraba, kisha kuchora miraba mikubwa ya idadi hiyohiyo ukutani, na kuhamisha mraba mmoja mmoja. Inafanya kazi, lakini kupiga mistari iliyonyooka kwenye ukuta mkubwa ni adhabu, na mraba mmoja unafanana na mwingine mpaka unapotea. Njia nyingine ni kumulika picha kwa projekta. Hiyo inataka giza, ukuta ulionyooka na nafasi ya kutosha ya kurudisha mashine nyuma, na mtaa wenye magari haukupi vyote vitatu.

Ndipo wasanii wengi wakaja na ujanja ambao mimi naupenda kuliko yote. Msanii anaujaza ukuta alama ovyoovyo: herufi, miduara, macho, jina la mama yake, chochote. Anaupiga picha. Kwenye simu au tableti anaulaza mchoro wake juu ya picha hiyo kwa uwazi, alama zikionekana chini yake. Sasa anapopanda juu anasoma kwenye skrini: ncha ya pua iko kati ya herufi K na ule mduara uliopinda, upinde wa nyusi unapita juu ya nyota. Kwa kuwa hakuna alama mbili zinazofanana, hapotei. Rangi ikishakamilika fujo yote imefunikwa, na anayepita siku ya pili haamini kwamba uso ule mpole ulianza kama ukuta wa choo cha shule.

Kazi yenyewe hufanyika juu ya majukwaa yenye magurudumu yanayopanda na kushuka kwa injini. Kopo la kupuliza halina ukubwa wa brashi, hivyo unene wa mstari hutegemea umbali wa mkono, kasi yake na kile kichwa kidogo cha plastiki kinachobonyezwa. Karibu na ukuta mstari unatoka mwembamba na mkali. Rudi nyuma kidogo unakuwa ukungu. Wasanii hubeba vichwa vya aina nyingi mfukoni na kuvibadilisha kila mara. Ukikaribia kuta za Wynwood, angalia pale kivuli cha shavu kinapokutana na mwanga: utaona vitone vidogo mno vya rangi, kama vumbi, ambavyo kwa mbali macho yako yanavichanganya kuwa ngozi. Angalia pia kingo. Ukingo ulionyooka kupita kiasi mara nyingi umezuiwa kwa utepe au kwa kiolezo, yaani karatasi iliyokatwa umbo linalotakiwa, jambo ambalo baadhi ya watu wa grafiti ya zamani hulidharau. Shepard Fairey, ambaye naye alipewa ukuta hapo, amejenga jina lake kwa violezo na mabango, kwa hiyo ugomvi huo uko uwanjani palepale ukuta kwa ukuta.

Hakuna kati ya kazi hizo iliyokusudiwa kudumu. Miale ya jua huvunja chembe za rangi, hewa ya bahari ina chumvi, na unyevu ukipenya nyuma ya plasta huisukuma rangi ikatoka malengelenge. Hata jua lisipofanya kazi hiyo, mwenye makumbusho huifanya: kuta hupakwa upya ili Desemba iwe na kipya cha kuonyesha. Je, msanii hana la kusema? Marekani ina sheria ya 1990 inayolinda kazi ya sanaa yenye hadhi inayotambulika isiharibiwe hata na mwenye jengo. Meno yake yalionekana New York, kwenye kiwanda cha zamani cha 5Pointz kilichokuwa kimejaa grafiti kwa ruhusa ya mmiliki. Novemba 2013 mmiliki huyo alizifunika kazi hizo kwa rangi nyeupe usiku mmoja. Mwaka 2018 jaji aliamuru wasanii 21 walipwe jumla ya dola milioni 6.75, yaani dola 150,000 kwa kila moja ya kazi 45, na rufaa ya mwaka 2020 haikumsaidia mmiliki. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu msanii kusaini karatasi ya kuachilia haki yake kabla hajaanza, na mwenye ukuta aliye makini huileta karatasi hiyo kabla ya rangi.

Kuhusu kodi za pango, yaliyotokea yanajulikana. Bei ya ardhi ilipanda, nyumba za sanaa zilizopanga maghala ya bei nafuu zikaanza kuhama, na familia ya Rubell yenyewe ikahamishia mkusanyo wake mtaa wa Allapattah mwaka 2019. Mwaka 2015 jiji liliubadilishia mtaa kanuni za ujenzi ili maghorofa ya makazi yaruhusiwe. Hapo ndipo panapochekesha, ukiwa mtu wa kucheka: anayelipia nyumba Wynwood kwa sababu ya kuta anataka chumba chenye madirisha, na kila dirisha linakula ukuta. Kwenye majengo mapya sehemu zinazobaki tupu mara nyingi ni za kuegeshea magari, na wasanii huitwa kuzipaka hizo.

Ukienda, usiishie ndani ya lango. Kuta zilizo kando ya NW 2nd Avenue na vichochoro vyake hazina tiketi, na baadhi yake hazipungukiwi kitu mbele ya za ndani. Nenda asubuhi, kwa sababu kivuli ni kichache na saruji ya Miami ikipata moto mchana huwezi kusimama mbele ya ukuta mmoja kwa muda unaostahili. Jina la msanii, na mara nyingine mwaka, hutafutwa pembeni, chini, karibu na usawa wa njia ya miguu.