Dekali safi si lazima iwe dekali sahihi

Kijana mmoja alinionyesha modeli yake ya plastiki ya Phantom, ndege ya kivita ya Marekani, kwa kipimo cha 1/48. Kazi nzuri, nasema kwa dhati: rangi imetulia, maungio hayaonekani, na kwenye ubavu, chini ya vioo vya rubani, amepanga dekali, yaani picha nyembamba zilizochapwa za kubandika: alama tano za MiG, ndege za adui, zilizoangushwa, nyekundu iliyokolea, kingo zake kama zimekatwa kwa wembe. Akaniambia, "Mzee, hizi dekali ni sahihi kabisa. Tazama zilivyochapwa." Nikatazama. Zimechapwa vizuri mno, na si sahihi.

Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi, na watu ninaowaheshimu, hata nimeona afadhali niandike.

Usahihi wa dekali ni kule kulingana kwa alama zilizochapwa na alama zilizokuwa kwenye ndege fulani, inayojulikana kwa namba yake, katika wakati fulani. Basi, maana yake ni hiyo tu. Wino haumo, unene wa utando haumo, wala jina la kampuni lililoandikwa juu ya boksi.

Hayo mengine huitwa ubora, na yana uzito wake. Je, rangi zimekaa moja juu ya nyingine barabara, au nyeupe inachungulia pembeni mwa nyekundu? Je, utando ni mwembamba kiasi cha kuzama kwenye mistari ya bawa ukishapakwa dawa ya kulainisha? Je, maandishi madogo yanasomeka? Herufi yenye kimo cha inchi moja kwenye ndege halisi inabaki na milimita 0.35 tu kwenye modeli ya 1/72, na kuichapa isomeke ni ufundi. Cartograf ya Italia imejijengea jina kwa ufundi huo. Lakini mchapaji huchapa alicholetewa. Ukimpelekea kosa, atakurudishia kosa linalong'aa.

Asili ya maneno yenyewe inasaidia hapa. "Dekali" tumelipata kupitia Kiingereza, nacho Kiingereza kimelikata kutoka neno refu la Kifaransa, décalcomanie. Nusu yake ya mwisho ni wazimu, kwa maana ya pumbao lililowashika watu. Nusu ya kwanza inatoka kwa kitenzi cha kunakili mchoro kwa kuufuatisha na kuugandamiza, nacho kinarudi mpaka kwenye neno la Kilatini la kukanyaga. Kwa hiyo dekali, kwa mzizi wake, ni kilichobaki baada ya kukanyaga. Ni unyayo. Na ukioneshwa unyayo, huanzi kwa kusifu uzuri wa mchanga. Unauliza ni wa nani, na alipita lini.

"Sahihi" nalo lina hazina yake. Ni Kiarabu, na linatoka kwenye mzizi ule ule uliotupa "siha". Kitu sahihi ni kitu kizima, kisicho na ugonjwa ndani yake. Ndiyo maana Waswahili walisema "tia sahihi" kabla wengi hawajahamia kwenye "saini": ukiandika jina lako chini ya hati, umeifanya iwe nzima, umeithibitisha. Mtu anayesema "dekali sahihi" anatia sahihi yake juu ya jambo. Anathibitisha kwamba ndege ile ilikuwa hivi.

Na wapo watu waliolichukulia neno hili kwa uzito kuliko wote, nao ni wanazuoni wa hadithi. Sifananishi mapambo ya ndege za plastiki na maneno ya Mtume, nisieleweke vibaya. Naazima njia ya kupima tu. Kwao, hadithi haiwi sahihi kwa sababu imeandikwa kwa hati nzuri au kwa sababu inapendeza masikioni. Wanatazama isnadi, yaani nani kapokea kwa nani mpaka kufika kwa aliyeona au kusikia. Wanatazama pia matini, maneno yenyewe. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, hadithi inaweza kuitwa dhaifu hata kama kila mtu msikitini anaijua kwa moyo.

Dekali ina isnadi yake. Aliyechora karatasi alitazama nini? Picha ya ndege yenyewe, yenye tarehe? Hapo mnyororo ni mfupi na imara. Alitazama mchoro wa rangi wa mtu mwingine, ambaye naye alinakili karatasi ya dekali ya zamani? Hapo tunasikia fulani kasema fulani kasema. Ndege iliyowekwa makumbusho ni msimulizi wa kuangaliwa kwa makini zaidi, maana watu huiamini kwa kuwa wanaweza kuigusa. Nyingi zimepakwa rangi upya miaka mingi baada ya kustaafu, na wakati mwingine zimevishwa namba na majina ya ndege nyingine kwa heshima. Ukiipiga picha leo, umepata ushahidi wa jinsi ilivyo leo.

Kisha matini, na hapa rula inatosha kuanzia. Nembo ya mviringo ya jeshi la anga la Uingereza iliyorudi baada ya vita, mwaka 1947, ile wanayoiita Aina D, ina vipenyo vya uwiano wa 1:2:3. Ikiwa buluu ya nje ina milimita 18, nyeupe lazima iwe 12 na nyekundu ya katikati 6. Nimepima karatasi ambazo nyekundu ilikuwa na milimita saba. Kwa maneno unaona ni kidogo, lakini kwenye bawa jicho linasita bila kujua linasitia nini.

Rangi ni ngumu zaidi. Marekani huzipa namba za tarakimu tano, na tarakimu ya kwanza inaeleza mng'ao tu: 15044 na 35044 ni buluu ile ile ya nembo, ya kwanza inang'aa, ya pili haing'ai. Nimeshuhudia mabishano ya jioni nzima kati ya watu wawili waliokuwa wanasema rangi moja.

Lakini kosa linaloniuma ni la wakati, kwa sababu halionekani kwa rula wala kwa kioo cha kukuzia. Nyota ya Marekani yenye vibawa vyeupe ilipata mstari mwekundu ndani ya vibawa hivyo Januari 1947. P-80, ndege ya jeti, ilikuwa tayari inaruka mwaka 1945. Kwa hiyo P-80 ya 1945 yenye mstari mwekundu ina nembo isiyokuwapo bado, hata kama kila kipimo cha nembo hiyo kimetimia. Nembo haina kosa lolote. Imebandikwa kwenye mwaka ambao haukuwa wake.

Turudi kwa Phantom ya kijana. Ilikuwa na herufi NG mkiani, namba 100 puani, na 155800 nyuma: Phantom ya aina ya F-4J ya kikosi cha VF-96 cha jeshi la majini la Marekani, iliyoruka kutoka Constellation, manowari ya kubebea ndege, katika vita vya Vietnam. Tarehe 10 Mei 1972 Randy Cunningham na William Driscoll walipanda ndege hiyo wakiwa tayari na ushindi wa mara mbili, mmoja wa Januari na mwingine wa siku mbili nyuma. Siku hiyo waliangusha MiG-17 tatu, na jumla ikawa tano. Wakiwa njiani kurudi wakapigwa na kombora, wakaruka kwa miamvuli juu ya Ghuba ya Tonkin, wakaokolewa baharini. Ndege ikazama.

Ushindi wa tatu, wa nne na wa tano ulipatikana katika safari ambayo ndege haikurudi. Hakuna fundi aliyepata nafasi ya kuichorea alama ya tano. Tena namba inayoishia na sifuri mbili, kwa desturi ya jeshi lile la majini, ni ya kamanda wa ndege zote za manowari. Wale wawili siku hiyo walikuwa wameipanda tu, kwa hiyo hata majina yao pembeni mwa vioo yanahitaji picha ya kuyathibitisha.

Nilimwambia hivi: "Mwanangu, dekali zako ni safi, na umezilaza vizuri kuliko mimi nilivyokuwa nalaza umri wako. Ila 155800 haikuwahi kuvaa hizi tano. Tafuta picha yake iliyopigwa kabla ya tarehe 10, uiweke ilivyoonekana asubuhi ilipoondoka."

Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama zinabanduka. Zinabanduka, kwa utepe wa kubandika na subira, ikiwa hujapaka vanishi juu. Alikuwa bado hajapaka.