Anayeumwa malaria si lazima awe ndiye anayeisambaza

Watoto wa chini ya miaka 5 ndio wanaougua malaria kali zaidi katika maeneo yenye maambukizi mengi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kuwa ndio pia wanaowapa mbu vimelea kwa wingi. Katika kazi yangu ya epidemiolojia hapa Dar es Salaam, naona dhana hiyo inatupotosha tunapopanga nani apimwe na nani apewe chandarua.

Mbu jike wa Anofelesi hapati vimelea kwa kumuuma mgonjwa yeyote tu. Ni lazima anyonye gametosaiti, yaani vimelea vilivyofikia hatua ya kuwa dume na jike, ambazo kwa Plasmodium falciparum huchukua takriban siku 10 hadi 12 kukomaa, zikiwa zimejificha hasa ndani ya uboho. Zikishatoka humo na kuingia kwenye damu, hadubini huzionyesha zimepinda kama mwezi mchanga. Mtoto mdogo anayewahishwa zahanati siku ya pili ya homa na kupewa dawa mseto huenda asimwambukize mbu hata mmoja.

Mwanafunzi wa shule ya msingi ni habari nyingine. Akikulia penye malaria nyingi, kinga yake inatosha kuzuia homa lakini haitoshi kufukuza vimelea, kwa hiyo hubaki navyo kwa wiki au miezi bila kunywa dawa, na mara nyingi yeye ndiye anayekosa nafasi ndani ya chandarua mdogo wake anapozaliwa. Mtu mzima huumwa na mbu wengi zaidi, kwani mwili mkubwa hutoa joto na hewa ya ukaa zaidi, ila kinga yake hupunguza vimelea hata mbu wengi waondoke bila kuambukizwa. Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyetafiti malaria hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, baadaye aliona huko New Guinea kuwa vimelea vilijaa kwenye damu ya watoto na kuadimika kwa wakubwa.



Jijini kwetu mpangilio huo wa umri hauko hivyo kabisa. Mazalia yapo: katika mifereji ya matuta ya viazi na mboga bonde la Msimbazi utaona viluwiluwi vya Anofelesi vimelala sambamba na uso wa maji, tofauti na vya mbu wa aina ya Kuleksi vinavyoning'inia kichwa chini. Hata hivyo maambukizi ni machache kuliko Lindi au Mtwara, kinga haijengeki, na kijana wa miaka 30 aliyekulia Kinondoni anaweza kulazwa kwa malaria kali.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la nne anaporudi Vingunguti kutoka likizo kwa bibi yake Mtwara, ningependa apimwe hata kama anacheza mpira, ingawa kipimo cha haraka hukosa vimelea vikiwa vichache sana. Dawa mseto huua gametosaiti changa lakini haizimalizi zilizokomaa, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza kuongeza dozi moja ndogo ya primakwini penye maambukizi machache, isipokuwa kwa wajawazito na watoto wa chini ya miezi 6 pamoja na mama wanaowanyonyesha.