Mjamzito mwenye presha kali: sindano kwanza, gari baadaye

Malalamiko yanayotufikia wahudumu wa afya mkoani Kigoma yanafanana: mjamzito kazidiwa, gari la rufaa limefika, lakini muuguzi wa zahanati "anachomachoma sindano" badala ya kumpakia. Ndugu, haraka yenu tunaielewa. Lakini kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ni safari ndefu, na degedege halisubiri mfike.

Presha ikigonga 160/110, kichwa kikapasuka, macho yakaona maluweluwe au chembe cha moyo kikauma, kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito, kiko mlangoni. Dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, sindano ya kuzuia degedege hilo, ni gramu 14. Gramu 4 zinaingia kwenye mshipa polepole, dakika 5 hadi 20. Mama atasema mwili unawaka moto, ni kawaida. Gramu 10 zinagawanywa, 5 kila tako, pamoja na dawa ya ganzi. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa 4, mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililotokea baadaye. Kabla ya kila dozi tunagonga goti kwa kinyundo cha mpira, tunahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, tunapima wingi wa mkojo. Mguu usiporuka, dozi inasimama. Dawa hii inazuia degedege tu. Presha ina dawa zake, na tiba yenyewe ni kumzalisha.

Degedege hili si mapepo. Tumelisema hili kliniki hadi sauti zinakauka. Nilimpokea mama ulimi umeng'atwa, hirizi mkononi, na kwenye mkoba wake kadi ya kliniki: 150/100, mkojo una protini, tarehe ya wiki mbili nyuma. Alipoumwa kichwa alipelekwa kwanza kwa mganga. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Degedege likimkuta nyumbani, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, pigeni 115, namba ya usafiri wa dharura wa wajawazito, ni bure.

Na akishajifungua, msidai ruhusa siku hiyohiyo kwa kuwa "amepona". Wapo wanaopata degedege la kwanza wakiwa tayari wamempakata mtoto.