Maranda ya mbao za dawa si ya kuku wala ya jiko

Malalamiko yanayofika ofisi yetu ya mazingira hapa Moshi kuhusu karakana za useremala ni yale yale: vumbi kwenye nguo zilizoanikwa, mashine ya kuranda inayonguruma usiku, moshi wa taka. Mafundi wanayajua, na wengi wao wana nia njema. Leo naandika juu ya jambo ambalo hakuna jirani aliyewahi kulilalamikia, maana halipigi kelele.

Ni lile rundo la maranda pembeni ya mashine. Asubuhi mfugaji wa kuku wa nyama anakuja na magunia yake kuchukua ya kutandika bandani, mchana mama lishe anachukua ya kushindilia kwenye jiko, yanayobaki yanachomwa jioni. Ni utaratibu mzuri, hakuna kinachopotea. Shida inaanza pale mashine iliyoranda mgrevilea wa kihambani asubuhi inaporanda mbao za dawa za kenchi mchana, na maranda yote yakaangukia rundo moja.

Mbao za dawa, zile za kijani, mara nyingi zimeshindiliwa kwa mgandamizo dawa yenye mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Ubao ukiwa juu ya paa, dawa inakaa humo humo na kuzuia mchwa, na hatuna ugomvi nao. Ukiuchoma, aseniki haiteketei. Sehemu yake inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu ndiyo tunayomwagia mchicha. Kuku naye anadonoa anapolalia, kisha samadi yake inapelekwa mgombani. Ulaya na Marekani ziliiondoa dawa hii kwenye matumizi mengi ya majumbani kufikia mwaka 2004.

"Lakini huo si mti tu, afisa?" Swali hili tunaulizwa kila tunapopita, na jibu halibadiliki: hapana, si mti tu. Wapo wanaosema ubao umeshapauka, kwa hiyo dawa imeisha. Kilichopauka ni rangi.

Kwa hiyo, fagia mashine kabla ya kupitisha mbao za dawa na baada ya kumaliza. Vumbi na vipande vyake viweke kwenye gunia la peke yake lenye alama, usimpe mtu, usichome. Uliza ofisi ya mazingira namna ya kulitupa, kabla halijajaa. Vipande vya MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, navyo visiende jikoni, kwa sababu ya gundi hiyo. Thina chafu isimwagwe mtaroni. Nadhani hilo halihitaji maelezo.

Mkaguzi akifika, mwombe kitambulisho. Ni haki yako, wala hatakasirika. Ataandika alichokiona, na wewe utasoma kabla ya kusaini. Akikuta kosa dogo, kwa kawaida utapewa maelekezo ya maandishi na muda wa kurekebisha. Utunze nakala, kwa sababu ukaguzi wa pili unaanzia hapo. Kosa likiwa kubwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatoa nafasi ya kukiri kwa maandishi na kulipa faini bila kwenda mahakamani. Kukiri huko si barua ya kuomba msamaha, kama wengine wanavyodhani. Ni kukubali kosa. Ukikataa, shauri linakwenda mahakamani, ambako kuna faini au kifungo, au vyote viwili, na unaweza kuamriwa kusafisha ulipochafua kwa gharama zako. Malipo yoyote yanafanyika kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), benki au kwenye simu. Hakuna fedha ya mkononi, hata ukiambiwa mashine ya risiti imeharibika.

Leseni ya biashara haikuondolei lolote kati ya haya. Wala cheti cha mazao ya misitu. Hizo ni karatasi nyingine, za ofisi nyingine.

Na rundo lililokwisha changanyika? Usijaribu kuchambua. Lote lihesabu kuwa ni la dawa, lifunike lisilowe mvua, na mfugaji akija kesho mwambie ukweli kwamba leo hakuna maranda.