Kabla hujauza kiwanja ili mtoto akapasuliwe na roboti

Juzi nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa baba mmoja wa Mwanza. Binti yake ana miaka mitatu, ameshaugua UTI yenye homa mara mbili, na picha ya kibofu imeonyesha rifluksi, yaani mkojo unaorudi juu kutoka kibofuni kuelekea figo, ya daraja la pili kati ya matano, upande wa kushoto. Ukoo umekaa kikao. Kundi la michango la WhatsApp limefunguliwa, mjomba anauza kiwanja, na mtoto anapelekwa India akapasuliwe na roboti, "maana daktari, roboti haikosei." Alichotaka kwangu ni jina la hospitali tu.

Huo ni ujumbe wa sita wa namna hiyo mwaka huu. Mimi ni daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo kwa watoto, nafanya kazi Marekani, na roboti naitumia. Naipenda. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiuza ardhi wakitarajia mambo ambayo mashine hiyo haiwezi kuyafanya.

Hilo la kutokosea nilimalize haraka. Roboti yenyewe, mashine ya da Vinci iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, haiamui chochote. Nakaa kwenye kiti hatua chache kutoka alipolazwa mtoto, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio. Kidole changu kikisogea, mkasi ulio ndani ya tumbo nao unasogea. Nikiinua kichwa, kila kitu kinasimama. Nikielekeza mkasi pasipotakiwa kukatwa, patakatwa.

Sasa kazi yenyewe. Ureta, mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, ikiwa na afya haichomeki kwenye kibofu kama bomba kwenye tangi. Inapita mshazari kwanza ndani ya ukuta wa kibofu, chini ya utando. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, upitishe chini ya mkeka, kisha ukanyage mkeka: maji hayapiti. Kibofu kikijaa, mkojo ndio mguu unaokanyaga. Kwa mtoto aliyezaliwa na rifluksi, kipande kilicho chini ya mkeka ni kifupi mno. Daktari Paquin aliandika mwaka 1959 kwamba njia hiyo ya chini ya utando, tunayoiita handaki, iwe na urefu mara tano ya upana wa ureta, na kipimo hicho ndicho ninachoingia nacho chumba cha upasuaji hadi leo. Ureta ya milimita 6 inataka handaki la sentimita 3. Utumie mkono au roboti, unachimba handaki lile lile.

Kwa roboti, wengi wetu tunafuata njia ya Lich na Gregoir ya miaka ya 1960. Unapasua msuli wa kibofu kwa nje mpaka utando unatuna, unailaza ureta kwenye mfereji huo, unashona msuli juu yake. Njia hiyo ilibuniwa kwa mikono mitupu, na kwa mikono bado inafanyika kupitia jeraha la sentimita chache linalofichwa na chupi. Upasuaji wa wazi hufanikiwa kwa zaidi ya asilimia 95. Matokeo ya roboti yanapishana sana: vipo vituo vinavyofika hapo hapo, na ipo ripoti iliyounganisha wagonjwa wa hospitali zaidi ya moja za Marekani ambayo haikufika asilimia 80. Uzoefu wa aliyekaa kwenye kiti una uzito mkubwa. Ukiwa kwa daktari, muulize ameshawafanyia watoto wangapi upasuaji huu, na wangapi rifluksi iliwarudia.

Faida zipo. Mtoto wa miaka kumi mwenye mwili mkubwa, nyonga zake zina kina, na hapo picha iliyokuzwa na vyombo vinavyojipinda kama kiganja vinanirahisishia sana. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, tumbo ni dogo, mikono ya mashine inagongana, na kwenye mashine ninayoitumia siuhisi uzi unapokaza. Nauangalia tu.

Kuna neva zinazopita karibu kabisa na pale ureta inapoingia kibofuni. Ukifanya pande zote mbili kwa njia hii, baadhi ya watoto hushindwa kukojoa kwa muda na hurudi nyumbani na mpira wa mkojo. Niliwahi kuamini kwamba picha iliyokuzwa imelimaliza tatizo hilo, mpaka mgonjwa wangu mmoja alipokaa na mpira wiki mbili. Sasa kila mzazi namwambia kabla hajasaini.

Lakini linalonikosesha usingizi ni choo. Nilimpigia baba yule nikamuuliza, "Baba, binti anapata choo mara ngapi?" Kimya. Akamwita mama. Kila siku ya tatu, tena kwa kulia. Na kukojoa? Anabana miguu, anachuchumaa juu ya kisigino, anakimbia dakika ya mwisho. Hakuna aliyewahi kuwauliza!

Utumbo uliojaa choo kigumu unakisukuma kibofu. Mtoto anayebana mkojo anakifundisha kibofu kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa, na presha hiyo inapanda juu. Ukimchimbia handaki mtoto huyo bila kutibu choo, UTI zinaweza kuendelea, na hata rifluksi kurudi. Nimeshawapokea watoto waliopasuliwa vizuri kabisa huku matumbo yao yamejaa choo. Mvulana mwenye valvu kwenye urethra, yaani utando unaoziba mrija wa kutolea mkojo nje, ni vilevile, kizuizi kinatangulia kutibiwa.

Tena kuna jambo ambalo sisi madaktari hatulisemi kwa sauti. Utafiti wa RIVUR wa 2014, uliokuwa na watoto 607 wenye rifluksi, ulionyesha kwamba antibiotiki ya kila siku inapunguza UTI kwa karibu nusu, lakini makovu yanayoachwa kwenye figo hayakupungua. Tafiti za zamani zilizolinganisha upasuaji na dawa zilikuta upasuaji unapunguza UTI zenye homa, na makovu mapya yakabaki karibu sawa. Mtoto wa daraja la nne au la tano anayepata homa juu ya homa licha ya dawa, nampasua nikijua nampunguzia homa hizo. Kwamba nimeiokoa figo yake, siwezi kumwapia mama yake.

Binti wa Mwanza hayuko huko. Daraja la pili katika umri wake mara nyingi huisha lenyewe. Nimezungumza na daktari wake: dawa ya kulainisha choo, tena kwa miezi, si kwa wiki. Kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu, miguu ikiwa juu ya kigoda. Akipata homa, mkojo upimwe siku hiyo hiyo.

Baba amenijibu jana usiku. Mjomba amesimamisha kuuza kiwanja, ila bibi haelewi dawa ya choo inaitibu vipi figo. Nimeomba Jumamosi wanipe bibi mwenyewe kwenye simu.